Hakufungua hata boksi: duka la dawa za mifugo nililompeleka simbilisi wetu

Nilitaka kuandika haya wiki ile ile nikajizuia, maana nilikuwa sioni mbele kwa hasira. Imepita kama miezi miwili na hasira bado iko palepale. Basi acha niseme.

Sisi kwetu Njombe. Kule simbilisi, yule mnyama mdogo wa kufugwa asiye na mkia, si wa kushangaza mtu. Nimekua nikiwaona jikoni kwa bibi, wanakimbizana pembeni ya mafiga, wanakula maganda na majani ya mahindi. Tulipohamia Dodoma kikazi, binti yangu wa miaka 9 alikubali kuondoka kwa sharti moja, simbilisi wake Karanga aje naye. Akaja kwa basi, ndani ya boksi la sabuni.

Kiangazi cha Dodoma usikisikie kwa watu. Mchicha ukapanda bei, nyasi zikawa njano kila upande, na sisi tukawa tunampa pumba na majani makavu, wiki baada ya wiki. Nilidhani mradi anashiba. Jioni moja friji ikafunguliwa na Karanga hakupiga kelele, yeye ambaye huwa anaita nyumba nzima akisikia tu mlango ule. Asubuhi chakula hakijaguswa, choo ni vipunje viwili vitatu vidogo, na ukimshika miguu ya nyuma analia.

Tukaenda kwenye duka moja la dawa za mifugo karibu na soko, lina bango kabisa kwamba daktari yupo. Yule baba wa kaunta hakufungua boksi. Narudia, hakufungua boksi. Alichungulia kwenye tundu akasema, "Mama, huyo si panya? Hela ya dawa si unanunua watatu?" Mwenzake aliyekalia gunia la chakula cha kuku akacheka. Mwanangu alikuwa amesimama pale, boksi kalikumbatia, anasikia kila neno. Nikamwambia, baba, mnyama hajala tangu jana. Akanitupia amoksilini, nusu kidonge kutwa mara tatu, shilingi elfu nne, mteja mwingine karibu.

Nililipa. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo, kwamba nililipa nikasema asante.

Tumefika barabarani, binti mmoja anayejifunza kazi pale dukani akatufuata mbio. "Shikamoo mama. Samahani, usimpe hiyo dawa. Kwa hawa ukiwamezesha, inaua wadudu wazuri wa tumboni, wanabaki wale wa sumu. Atakufa." Akaniandikia kwenye kiganja namba ya daktari wa mifugo anayetembelea majumbani. Kwa hiyo siwezi kusema duka zima ni baya. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kusema hivyo, lakini nikimkumbuka yule binti ulimi unakuwa mzito.

Daktari alifika jioni. Alimtazama meno ya mbele, akamulika tochi kwenye magego, akampapasa magoti, yalikuwa yamevimba. Hakuuliza kwa nini tunahangaika na mnyama mdogo namna hii. Akamwambia mwanangu, siyo mimi, kwamba simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C. Ng'ombe anaitengeneza mwenyewe, mbuzi pia, kuku pia. Huyu asipoipata kwenye majani mabichi viungo vinauma, fizi zinauma, anaacha kula. Na akishaacha kula utumbo unasimama, gesi inajaa, wala hawezi kutapika. Siku moja tu bila chakula ni hatari kwake.

Usiku ule hatukulala. Chakula cha sungura cha punje tulikiloweka mpaka kikawa uji, tukasagia na pilipili hoho, maana hoho ina vitamini C kuliko chungwa. Bomba la sindano bila sindano yake, unaliingiza pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele, kidogo kidogo, unasubiri atafune na kumeza. Ukisukuma kwa haraka uji unaingia mapafuni. Kila baada ya saa tatu. Na vitamini C yenyewe, miligramu 50 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari. Kila asubuhi tunampima kwenye mizani ya jikoni: alikuwa gramu 910 tulipotoka Njombe, siku ile alikuwa 735. Siku ya nne alinyakua jani la mchicha mkononi mwa mwanangu mwenyewe, na mimi mtu mzima nikalia.

Nikarudi dukani na vidonge vyangu. Sikwenda kugombana, nilitaka tu yule baba ajue, asije akampa mwingine. Nikamweleza taratibu. Hata hakuinua macho kwenye simu. "Kwani amekufa?"

Hapana, hajakufa. Leo ana gramu 880. Lakini wewe ulimuuzia mtoto sumu ya mnyama wake mbele ya macho yake, halafu unaniuliza kama amekufa!

Nilipanga nyota mbili. Nafuta moja. Iliyobaki ni ya yule binti aliyetukimbilia barabarani. Mkienda, mwulizieni yeye. Kama hayupo, pitilizeni, na boksi lenu msimpe yule baba.