Vigari vya Kale vya Rolls-Royce na Bentley: Uanze na Vipi?

Anayetaka kukusanya vigari vya kale vya kuchezea vya chuma, hasa vile vinavyoiga magari ya kifahari ya Rolls-Royce na Bentley, hukuta sokoni majina mengi ya viwanda vya Uingereza. Ninavipanga hapa kwa kuangalia ni vipi vinavyopatikana vikiwa kamili, na rangi yake ya kiwandani, bila mnunuzi kudanganywa.

Nafasi ya kwanza ninaipa Dinky Toys ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyotengenezwa na kampuni ya Meccano mjini Liverpool. Rolls-Royce Silver Wraith yake ya mwaka 1959 haina milango inayofunguka, kwa hiyo ina vipande vichache vya kuvunjika au kupotea, nayo hupendeza hata ikiwa imechubuka kidogo. Kabla ya kulipa, omba picha ya upande wa chini, kwa sababu ribiti (pini za chuma zinazoshikanisha bodi na sehemu ya chini) zilizotobolewa au kusagwa zinaonyesha kwamba kigari kilifunguliwa, na mara nyingi kilifunguliwa ili kipakwe rangi upya. Mimi hukikataa kigari cha namna hiyo, hata king'ae vipi.

Ya pili ni Corgi Toys, iliyoanzishwa mwaka 1956 na kampuni ya Mettoy na kutengenezwa Swansea, Wales. Bentley Continental ya 1961 ina vito vidogo badala ya taa za mbele, na buti yake hufunguka ikaonyesha tairi ya akiba. Kwa maoni yangu, hakuna kigari kizuri kuliko hicho kwa ukubwa wake. Lakini uzuri huohuo ndio unaodai uangalifu, maana vito hudondoka na tairi hupotea. Aston Martin DB5 ya Corgi, yaani gari la James Bond, jasusi wa filamu, iliyotoka mwaka 1965 ikiwa na rangi ya dhahabu, inahitaji uangalifu zaidi: kidoli cha abiria kinachorushwa nje ya gari, na kisanduku cha kadibodi kilichouzwa pamoja nacho, vimeigwa sana, basi muulize muuzaji waziwazi kipi ni cha asili.

Matchbox ya kampuni ya Lesney, London, inashika nafasi ya tatu. Rolls-Royce yake hutoshea kiganjani na haihitaji fedha nyingi, ila rangi huchubuka upesi. Spot-On ya Belfast, Ireland ya Kaskazini, iliyoanza mwaka 1959 kwa kipimo cha 1:42 (kigari ni sehemu moja ya 42 ya gari halisi), ni ya nne kwa sababu ya uhaba tu.

Ya mwisho ni Dinky ya kabla ya vita. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki ya miaka ile mara nyingi ilichanganyika na madini ya risasi, na uchafu huo huifanya ivimbe, ipasuke na hatimaye imeguke, wala haina tiba. Ukiona nyufa nyembamba kwenye bodi au magurudumu, usinunue, hata bei ikipunguzwa nusu.