Kitabu cha Sh250, kando ya Barabara ya Tom Mboya, Nairobi

Muuza vitabu alianzia Sh400, tukavutana hadi Sh250. Historia ya dunia, jalada limefungwa kwa selotepu. Sura ya Leningrad, mji wa Urusi, pekee imenirudishia pesa: Wajerumani waliuzingira mji huo kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na Novemba 1941 watoto na wategemezi wakagawiwa gramu 125 za mkate kwa siku. Mimi nauza mkate Kayole. Nilifungua wa gramu 400, nikapima kwenye mizani ya dukani: gramu 125 hazifiki hata thuluthi yake. Na mkate wao ulitiwa selulosi, nyuzi za mbao!

Ila kurasa za Vita vya Afyuni, vile vya Uingereza na China, zimechanwa. Nikarudi kulalamika. “Si ungekagua kwanza, mathe?” Kweli. Akanipunguzia hamsini kwa kingine.