Fundi faiba wa Sahare aliyenisimamia kufufua boti yangu ya futi 16: nampa nyota 4

Jamani wenye boti za faiba zimelala uani hapa Tanga, huyu fundi banda lake la makuti liko Sahare, karibu na wanapovutia ngalawa. Nilihangaika sana kabla sijampata, ndo mana naandika kwa kirefu.

Boti nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama mji, imekaa chini ya mwembe miaka, ila kwa nje ukiiangalia nzima kabisa. Fundi wa kwanza (simtaji) alizunguka mara moja akasema hii rangi tu na viraka viwili vitatu, wiki ijayo iko majini, nikampa hela akapiga rangi kweli. Roho yangu ikawa haijatulia, nikamfata huyu mzee wa Sahare.

Mzee alikuja na kinyundo kidogo tu. Akawa anagonga ule ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba mashine, anaanzia juu anashuka taratibu, juu unalia ko ko ko, alivyofika usawa wa tundu la kutolea maji sauti ikafa, kama unagonga embe bivu. Akaniambia, "Mwanangu chukua drili utoboe mwenyewe, kwa ndani, usitokeze nje." Unga wa mbao ukatoka mweusi, umelowa, unanuka. Pale ndo nikaelewa, faiba yenyewe haiozi, kinachooza ni plaiwudi iliyofungiwa katikati, maji yanapenya kwenye matundu ya bolti ambayo hayakuzibwa vizuri afu hayana pa kutokea. Sasa ubao wa hivo uufungie mashine ya nguvu farasi 40, ukutane na kusi nje ya kisiwa cha Ulenge, yaani nikifikiria tu mwili unasisimka.

Boti hakuichukua bandani kwake. Makubaliano yakawa elfu 30 kwa kila siku anayokuja, kazi nafanya mimi, yeye anasimamia na anashika pale penye ugumu. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika grenda huu ndo utaratibu mzuri kuliko wote, mana saivi hata ikivuja naijua boti yangu ndani nje. Tulikata ngozi ya ndani tukaacha ya nje kama ilivyo, nikachimbua uozo kwa patasi siku mbili nzima, afu akakataa kabisa kuendelea mpaka pakauke, tukaacha wazi siku kumi na kitu tunafunika turubai usiku tu. Wengi hapo ndo wanaharakisha, rezini (ile gundi ya maji maji ya faiba) haishiki kwenye unyevu, utaona imekamata leo afu baada ya miezi inabanduka kama ganda.

Kitu kingine alichoniokoa, nilikuwa nishanunua marini bodi dukani, ile ya kahawia inayong'aa, nikijua jina linajitosheleza. Kumbe ile ni ya mafundi ujenzi kumwagia zege, ina plastiki juu, rezini haishiki pale. Nikarudisha, tukachukua plaiwudi tupu isiyo na plastiki, gundi yake ya kuhimili maji, unene milimita 18, vipande viwili tukavigandisha pamoja vikawa 36. Mbao tukainywesha rezini kwanza pande zote na kwenye kingo, ndo ikaja mati ya 450 (kitambaa cha nyuzi za faiba, gramu 450 kwa mita ya mraba), juu yake ile iliyofumwa kama mkeka, na kila tabaka linapanda mbavuni mwa boti kupita lililotangulia ili ubao ushikane na mwili mzima. Rola ya kutoa hewa usiikose, kila povu jeupe unaloliacha ni chumba cha maji baadae.

Sasa nyota moja nimempunguza kwa haya. Hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, anapima kwa jicho, kifuniko cha chupa basi. Siku moja saa sita mchana na jua lile la Tanga akaweka ile ile ya asubuhi, ndoo ya kilo 2 ikaanza kutoa moshi tukaimwaga mchangani, hela yangu ikaganda pale. Baada ya hapo nikanunua bomba la sindano nikawa napima mwenyewe, rezini kilo 1 hadina mililita 10 kukiwa na joto, 20 asubuhi yenye ubaridi, na kuchanganya mwisho saa nne. Hakupinga, alikubali vizuri tu. La pili barakoa hana wala hasisitizi, vumbi la faiba linaingia kifuani na linawasha ngozi usiku kucha, nenda na zako, shati mikono mirefu na miwani. La tatu siku zake, akisema Jumatatu hesabu Alhamisi, mana boti ya wavuvi ikipasuka anawakimbilia wao kwanza, na kwa hilo siwezi kumlaumu.

Tuliishusha Sahare maji yakiwa yamejaa, tukazunguka Raskazone mpaka kisiwa cha Toten na kurudi, watu wanne. Nikafungua ngama, pale chini maji yanapojikusanya, nikapitisha kitambaa, kikavu. Mzee akagonga tezi tena na kinyundo chake, ikalia ko ko mpaka chini, akanipa mkono.

Ukimtaka nenda bandani baada ya alfajiri, simu hapokei akiwa kazini. Rangi na makoti ya kuokolea kwa ajili ya ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini) jitegemee, yeye kazi yake faiba.