Kigari cha mtoto juu ya mawe ya Goma: uzoefu wangu

Tangu binti yetu azaliwe, miezi kumi na minne iliyopita, nimenunua vigari viwili vya mtoto, na cha kwanza kilidumu wiki tano tu. Ninaandika kwa ajili ya mzazi wa hapa Goma, au wa mji wowote wenye njia kama zetu, ambaye yuko karibu kutoa dola zake kwa kile ambacho wengi wetu tunakiita pusete, kwa sababu maelezo karibu yote niliyoyasoma kabla ya kununua yalikuwa ya watu wanaotembea juu ya lami tangu mlangoni pao hadi dukani. Huko watu hubishana kuhusu rangi, mahali pa kuweka chupa na namna kigari kinavyoingia kwenye buti ya gari. Hapa kwetu jambo la kwanza ni gurudumu, na mengine yote hupanga foleni nyuma yake.

Nyumbani kwetu kigari hakikununuliwa kwa fahari. Watoto wetu wawili wa kwanza walikulia mgongoni mwa mama yao, ndani ya kikwembe, yaani kitenge, nami sikuwahi kufikiri kwamba kuna haja ya njia nyingine. Huyu wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Daktari alimkataza mke wangu kuinua kitu chochote kizito kuliko mtoto mwenyewe kwa muda wa wiki sita, na wiki hizo zilipokwisha, maumivu ya kiuno yakabaki. Kazi ya kumpeleka mtoto kliniki, kanisani na kwa bibi yake ikawa yangu. Mama mkwe alipokiona kigari kikiingia uani aliuliza kama ukoo mzima umekosa mgongo wa kumbebea mtoto mmoja, kisha akakipa jina ambalo watoto wa majirani wamelishika mpaka leo: chukudu ya mtoto, kwa mfano wa mkokoteni wetu wa mbao wa kubebea mizigo. Alikusudia kunicheka, lakini jina hilo lilikuwa na maarifa ndani yake kuliko sisi sote tulivyojua siku ile.

Kile cha kwanza nilikinunua kipya, katikati ya mji, kwa dola 55. Kilikuwa cha aina inayokunjwa kama mwavuli, chepesi, chenye vishikio viwili vilivyopinda na magurudumu manane ya plastiki ngumu yaliyopangwa mawili mawili, kila moja likiwa na ukubwa wa kiganja changu. Muuzaji alikikunjua kwa mkono mmoja, akakisukuma juu ya vigae vya duka, kikateleza bila sauti, nami nikalipa. Nilikubali kukijaribu juu ya sakafu ambayo mtoto wangu hangeikanyaga tena maishani mwake, wakati barabara ya mbele ya duka hilo hilo ilikuwa na mashimo ya kutosha kunipa jibu la bure.

Aina hiyo ina heshima yake. Ilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, baada ya kumwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito cha zamani. Alitumia mabomba ya alumini, na kigari chake kikawa na uzito wa kilo 3 hivi. Kwa mtu wa ndege, treni na njia za miguu zilizosakafiwa, sioni kilicho bora zaidi. Sisi, hata hivyo, tunatembea juu ya mlima. Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu, ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilikata katikati ya mji hadi ziwani, na nyumba zikajengwa upya juu ya jiwe lile lile. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama pembezoni mwa mji upande wa kaskazini. Jiwe hilo likishapoa huwa na vitundu na kingo kali zinazokula soli za viatu. Ukitoka barabara kuu pale Himbi na kuingia kwenye vijia vya mtaa, ndilo jiwe unalolikanyaga hadi mlangoni.

Gurudumu dogo likikutana na jiwe la namna hiyo halipandi, linasimama. Mtoto anatupwa mbele kwenye mikanda, na mfupa wa mguu wako unagonga fremu. Nilijifunza kukigeuza na kukivuta kinyumenyume, jambo lililonifanya nionekane kama mtu anayeiba mtoto. Wiki ya tano ekseli ya mbele ilipinda, gurudumu moja likachomoka na kubiringika hadi mferejini. Nilikipeleka kwa kwado wa karibu na kwetu, kijana anayeziba matairi ya pikipiki, akakitazama muda mrefu kuliko kilivyostahili. «Papa, hii kagari ni ya kutembea ku sima, haiko ya mu mawe.» Sima aliyoitaja ni saruji. Hakunitoza kitu. Alinionyesha kwa kidole chukudu iliyokuwa imeegeshwa kando, yenye fremu ya mbao na magurudumu ya mbao yaliyovikwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu, ambayo hubeba magunia kwa mamia ya kilo juu ya njia hizo hizo. Gurudumu pana, lililovikwa mpira, lililoshikwa na kitu kisichopinda: waundaji wa chukudu walilijibu swali langu zamani, nami nilikuwa nimelitafutia jibu kwenye simu.

Kigari cha pili nilikipata kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya mtumba kutoka Ulaya, kwa dola 110. Kina magurudumu matatu yenye tairi za upepo, inchi 12 mbele na inchi 16 nyuma, na springi juu ya ekseli ya nyuma. Safari hii nilikijaribu nje, juu ya mawe, nikiwa nimeweka kitini mfuko wa kilo kumi za mchele badala ya mtoto. Muuzaji alicheka, lakini mfuko ulifika mwisho wa kichochoro ukiwa umekaa kama ulivyowekwa. Jiwe ambalo lile gurudumu la kwanza lililiogopa, hili hulipanda kwa kuinamisha kidogo kishikio, na mtetemo unaomfikia mtoto ni mdogo kiasi kwamba mara nyingi hulala kabla hatujafika kwenye lami.

Kuna kitufe kimoja ambacho hakuna aliyenieleza, na ambacho kwa maoni yangu kina thamani ya nusu ya bei. Gurudumu la mbele linaweza kuachwa lizunguke huru au likafungwa liangalie mbele tu. Kwenye lami liache huru, ukate kona kwa urahisi. Kwenye mawe lifunge, kwa sababu likiwa huru huanza kutikisika na kugeuka pembeni kila linapoguswa na kokoto, na mkono wako hupigana nalo njia nzima. Nilikisukuma kwa siku nne nikikilaani kabla sijakigundua.

Tairi za upepo zina gharama yake, nayo ni pancha. Katika miezi kumi na mbili nimepata tatu. Valvu yake ni ile ile ya pikipiki, kwa hiyo kwado yeyote anaijaza, lakini msimamie: yule wa kwanza alizoea pikipiki, akaijaza hadi ikawa ngumu kama jiwe lenyewe, na kigari kikaanza kurukaruka kama kile cha zamani. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Yangu inasema baa 1.5, ambayo ni chini ya kile ambacho tairi ya pikipiki hujazwa kwa kawaida. Wapo wanaopendelea magurudumu ya povu gumu yasiyopata pancha kamwe, na kwa anayeishi kando ya lami ningekubaliana nao.

Kuhusu kiti chenyewe nina jambo moja zito na mengine mepesi. Zito ni hili: mtoto mchanga hawezi kukaa wima. Shingo yake haina nguvu, kichwa kikianguka kifuani njia ya hewa inaweza kubanwa, na kwa sababu hiyo vigari vyenye kiti cha kukaa tu vimekusudiwa mtoto wa miezi sita hivi na kuendelea, anayeweza kukaa bila kushikwa. Chini ya umri huo tafuta mgongo unaolala kabisa, au kitanda cha juu kinachochukua nafasi ya kiti. Kile cha kwanza hakikulala hata nusu, na leo naona aibu kwamba tulimweka humo akiwa na wiki saba, tukimkinga kwa mito pande zote mbili. Mikanda iwe ya pointi tano, yaani mabegani miwili, kiunoni miwili na mmoja katikati ya miguu, na uifunge hata kwa safari ya hatua ishirini, maana jiwe halingoji mwendo mrefu. Kwa vitu vya mtumba kutoka Ulaya, tafuta kwenye fremu maandishi EN 1888, ambayo ndiyo kanuni ya usalama ya vigari huko: sehemu yake ya kwanza ni ya watoto hadi kilo 15, ya pili hadi kilo 22. Kisha kanyaga breki, ukisukume kwa nguvu kwenye mteremko, uone kama kinashika.

Kagua pia maungio ya kukunja. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren, yenye jina la yule mhandisi, ilitoa Marekani vifuniko vya maungio kwa vigari vyake karibu milioni 1, baada ya watoto 12 kuripotiwa kukatwa ncha za vidole. Vigari vyangu havikuwa vya kampuni hiyo, na kimoja hakikuwa na jina kabisa, lakini bawaba ni bawaba. Sasa hatukikunji wala kukikunjua mtoto akiwa karibu, na kaka zake wamekatazwa kukigusa.

Kosa lililonitisha kuliko yote lilikuwa langu mwenyewe. Nilitoka sokoni Virunga na viazi kilo tano pamoja na jibini nzima ya Masisi, nikavitundika kwenye kishikio kwa sababu kikapu cha chini kilikuwa kimejaa nepi. Nilipofika mlangoni nikamfungua mtoto na kumnyanyua, na papo hapo kigari kikaanguka chali. Uzito wa mtoto ndio uliokuwa ukikishikilia chini. Kama ningeegesha kwenye mlima kidogo, kingeanguka naye. Tangu siku ile mzigo unakaa kikapuni au mgongoni mwangu, nami nimefunga kamba ya mkono, kwa kuwa njia yetu huteremka kuelekea ziwani.

Sisi wa upande wa magharibi wa mji tuna jambo ambalo mtengenezaji wa Ulaya hangeliwaza. Kuna mabonde madogo yenye mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutulia chini, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi hufa mahali ambapo mtu mzima husimama bila kuhisi kitu. Mtoto wa mgongoni yuko juu, karibu na pua yako. Mtoto wa kigarini yuko kwenye urefu wa goti. Kwa hiyo sehemu za bondeni zinazojulikana mtaani hatupiti na kigari saa yoyote, na kliniki ya asubuhi tunaifuata kwa barabara ya juu, hata kama ni ndefu. Urefu wa kiti una maana pia kwa moshi wa pikipiki, na katika hilo kigari changu kinapata alama ya wastani tu.

Kasoro zake nyingine ni hizi. Kina uzito wa kilo 12, na kupandisha ngazi peke yako ukiwa na mtoto mkononi ni adhabu. Hata kikikunjwa hakiingii kwenye pikipiki; motari atasema kinawezekana, lakini usimkubalie. Kwenye teksi hujaza buti yote. Vumbi jeusi la volkano huingia kwenye beringi, na nisipoliosha na kutia mafuta kila baada ya wiki mbili, gurudumu la kushoto hulia kama panya. Kitambaa chake cha jua ni kifupi, na mke wangu alizoea kukifunika kigari chote kwa kikwembe, mpaka siku moja nilipoingiza mkono humo mchana na kukuta joto la chungu. Kitambaa huzuia jua, lakini huzuia na hewa. Sasa tunafunga kikwembe juu tu, pembeni pakiwa wazi. Plastiki ya mvua nayo huondolewa mara mvua inapokatika.

Kikwembe, kwa kweli, hakijatoka nyumbani. Mke wangu amepona vya kutosha kumbeba mtoto kwa safari fupi, na kwenye msongamano wa Birere, ambako hata mtu mmoja hupita kwa kuomba, mgongo unashinda kigari chochote. Kigari ni cha kliniki, cha kanisani na cha matembezi ya jioni kandokando ya ziwa. Tairi la mbele limeanza kulika upande mmoja na saizi yake sijaipata mjini. Kwado amepima, akasema kwamba ikishindikana atalivika ukanda wa mpira kama chukudu, na mama mkwe amejitolea kulipa.