App ya matamshi: kusikiliza ni moto, kurekodi bado sana

Nyota 4 kati ya 5. Nimeitumia miezi mitatu, robo saa kila siku, najifunza Kikorea na nilikuwa nimekwama kwenye konsonanti zile za tatu tatu. Kuna dal (mwezi wa angani), tal (barakoa) na ttal (binti), mtu akiyatamka yote mimi nasikia neno moja limerudiwa mara tatu, kweli tena.

Kilichonitoa hapo ni mazoezi ya kusikiliza. Unachezewa neno moja, unachagua ni lipi, hapo hapo unaambiwa umepata au umekosa na unalisikia tena. Sauti ni za watu wengi, wanaume kwa wanawake, wengine wanaongea mbio mbio. Mwanzoni iliniudhi maana nikishamzoea mmoja napata zote, akiingia mwingine naanza kukosa upya, ila ndo utamu wenyewe huo, ukimsikiliza mtu mmoja tu unazoea sauti yake, konsonanti huijui bado. Na si kitu cha kubuni, watafiti Logan, Lively na Pisoni walionyesha tangu 1991 kwamba Wajapani waliofundishwa kwa sauti za watu tofauti waliboresha kusikia r na l za Kiingereza.

Wiki ya nne masikio yakafunguka. Nikagundua nilikuwa natega sikio mahali pasipofaa, nakazana na konsonanti wakati dalili nyingine iko kwenye irabu inayofuata: kwenye dal sauti inaanzia chini, kwenye tal na ttal inaanzia juu, halafu tal inatoka na pumzi, ttal haina pumzi na koo linabana. App haisemi hili popote!! Jamani liwekeni somo la kwanza, watu wanakata tamaa bure.

Kwa kutamka, chukua kipande cha tishu ukining'inize mbele ya midomo. Sema pul (nyasi), inapeperuka. Sema ppul (pembe), inatulia tuli. Bul (moto) inacheza kidogo tu. Wale wanaotenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi, kama kwenye Kimvita, nahisi watashika haraka kuliko sisi wengine.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya kurekodi. Nilisema dal kwa makusudi pale ilipotakiwa ttal, ikanipa asilimia 92 na tiki ya kijani, nikarudia vile vile ikanipa 60. Sasa mtu anayeanza atajuaje? Atazoea kosa na kulitoa baadaye ni kazi. Mimi najirekodi kwenye simu namtumia mwalimu wangu, juzi nimemtumia sentensi yenye ttal, kajibu moja kwa moja kuhusu huyo binti bila kuniuliza nimesema nini, nimefurahi siku nzima.

Wakirekebisha hiyo alama narudi kuweka ya tano.