Eti tatizo ni pumzi yangu

Nilishajiambia nitaliacha hili jambo la miwani ya pikipiki lipite, ila juzi nimenyeshewa tena pale Isyonje, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, na hasira zote zimerudi kama zilivyokuwa. Kwa hiyo nisikilizeni, na nikipitiliza mnisamehe.

Kazi yangu ni uhimilishaji wa ng'ombe, yaani kuwapandisha kwa mbegu zilizohifadhiwa, bila dume. Mfugaji akimwona ng'ombe wake ameingia joto asubuhi, jioni awe ameshapandishwa. Ukichelewa, mnasubiri siku kama 21 nyingine, na ada ya shule iliyokuwa itoke kwenye maziwa nayo inasubiri. Siwezi kujibanza kwenye kibaraza cha mtu mpaka mvua ikatike. Na mvua ya Rungwe inakatika lini? Ikishaanza Novemba inakaa kama shemeji aliyekuja kusalimia wiki moja.

Helmeti yangu haina kioo. Kilivunjika, ni habari ndefu, tuiache. Bila kioo, tone la mvua kwenye mwendo wa pikipiki linapiga jicho kama changarawe, na ukipishana na Fuso la viazi unamwagiwa tope lote la barabara usoni. Nikaamua kununua miwani.

Nikaenda Mwanjelwa, pale mjini Mbeya. Duka silitaji, sitaki kesi. Kijana akanipokea vizuri, hilo lazima niseme. "Shikamoo mzee wangu. Pikipiki? Mvua? Basi umefika. Hii inabadilika rangi yenyewe. Jua likiwaka inakuwa nyeusi, likizama inakuwa nyeupe. Mvua, ukungu, usiku, yote humo humo." Akaitoa nje ya mlango, na hata sijahesabu hamsini ikawa nyeusi kama chupa ya bia. Halafu akaihemea haa, ikaingia ukungu, na ukungu wenyewe ukapotea kabla hajamaliza kucheka. Sh. 25,000. Nikatoa bila hata kuomba apunguze, na wanaonijua wanajua hiyo si tabia yangu.

Sasa fikiria. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, mabati yanawaka. Ukungu ungekaa wapi? Hapo ujinga ni wangu, nakiri.

Siku mbili tatu baadaye nikapigiwa simu kutoka upande wa Kiwira. Nikafunga mtungi nyuma. Ule mtungi una naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake ndiyo zimo mbegu za madume, si kitu cha kuangusha ovyo. Kutoka Uyole mpaka Igawilo, safi kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kumwombea heri yule kijana. Kupanda Isyonje yakaanza manyunyu, baridi ikakaza, na ukungu ukaanza kuingia kwenye miwani kutoka pembeni ukielekea katikati, polepole, kama mtu anayefunga pazia. Nikafuta kwa kidole cha glovu, nikapaka tope.

Kushuka kuelekea Isongole mvua ikakolea, na hapo ndipo nikagundua jambo la pili: miwani ilikuwa nyeusi. Mawingu yamefunga, magari yote yamewasha taa, mbuzi wamejikunyata chini ya migomba, halafu miwani yangu peke yake imeamua kuna jua! Mbele zikaja taa mbili, lakini kila tone lililoganda kwenye kioo nalo likawa na taa zake. Nikakwepa taa kama arobaini kwa mpigo. Nikakwepea kushoto, na kushoto kulikuwa na viroba vya viazi vya mama mmoja, lumbesa zile zilizojazwa mpaka zikavishwa kofia. Ndizo zilizonipokea. Goti likachubuka, mtungi ukasalimika.

Yule mama akanitazama tu. Akaniambia, "Mwanangu, na mvua yote hii umevaa miwani ya jua?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kiazi, akakikata katikati kwa kisu chake, akaipaka miwani kwa ndani, akaifuta na ncha ya kitenge. Nikadhani ananitania. Ikashika kama dakika kumi hivi bila ukungu! Nikamshukuru kwa kile Kinyakyusa changu cha kuokoteza, ndaga fijo, akacheka. Yule mama ndiye alipaswa kuwa na duka la miwani.

Ng'ombe nilimwahi. Kesho yake nikarudi Mwanjelwa.

Kijana alikuwa anakula chipsi. Nikamweleza yote, taratibu, kwa heshima, nikamwonyesha na goti. Akaichukua miwani, akaigeuza, akalamba kidole ili afute doa, akasema: "Mzee, hii haina tatizo. Tatizo ni pumzi yako. Unapumua sana."

Unapumua sana. Mbele ya wateja wanne. Dada mmoja aliyekuwa anachagua kava la simu akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nibane pumzi kutoka Uyole mpaka Kiwira?" Akanijibu bila hata kusimama: "Hapana, pumua kwa mdomo, uelekeze chini. Hivi." Akanionyesha, na chipsi mdomoni. Nikasema basi nirudishie hela. Akanyoosha kidole kwenye kile kikaratasi cha ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, halafu akaniuliza risiti yangu iko wapi. Risiti! Yeye mwenyewe hakunipa! Angesema "pole mzee" tu, neno moja, mimi nisingekuwa naandika haya. Shikamoo ya siku ya kununua ilikwenda wapi?

Nimekaa na hilo neno wiki nzima. Mke wangu akinikuta nimenyamaza anauliza, "Unapumua?"

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Mimi kwa ajili ya baridi hujifunga skafu mpaka puani. Pumzi ya moto ikikosa njia mbele inapanda juu, inakutana na kioo cha baridi, inageuka maji. Nikaishusha skafu mpaka kidevuni, ukungu ukapungua zaidi ya nusu. Halafu nikajifunza kupaka tone moja la sabuni ya vyombo kwa ndani na kuifuta kwa kitambaa laini mpaka ionekane haina kitu. Hapo maji yanatandazika, hayakusanyiki kuwa vitone. Nadhani kiazi cha yule mama kilifanya kazi hiyohiyo. Msipake dawa ya meno. Mwenzangu mmoja alipaka, miwani ya plastiki ikabaki na mikwaruzo kama imesuguliwa kwa mchanga.

Lakini weusi je? Nao ni pumzi yangu? Binamu yangu anasomea mambo ya macho, ndiye aliyenifungua. Miwani ya kubadilika rangi haiangalii mwanga huu tunaouona, inaamshwa na mionzi ya UV ya jua, na hiyo mawingu hayaizuii yote. Baridi nayo inaifanya iwe nyeusi zaidi na ichelewe kurudi kuwa nyeupe. Kwa hiyo mchana wa mawingu na baridi, yaani Isongole yenyewe, ndipo mahali pa mwisho pa kuivaa. Akaongeza kwamba vioo vingi vya helmeti huzuia ile mionzi, na mtu mwenye kioo kizima miwani yake ingebaki karibu nyeupe. Swali moja tu, "helmeti yako ina kioo?", lingeniokoa mimi na zile lumbesa. Hakuuliza. Alikuwa na haraka ya kuhemea miwani.

Siku hizi mvua ikinyesha navaa ile miwani myeupe ya mafundi, ya duka la vifaa vya ujenzi, sh. 6,000. Ni plastiki ngumu, imeziba pembeni na ina vitundu vya kupitisha hewa. Ukiivaa unaonekana unakwenda kukata vyuma, na wafugaji wananiuliza leo ng'ombe anachomelewa nini. Waniulize tu. Ukungu kidogo bado unaingia nikisimama, nikiondoka hewa inaupeperusha. Kuna wanaosifia ya njano. Asubuhi ya ukungu kweli vitu vinaonekana vimekolea, ila usiku inakula mwanga ambao tayari hautoshi, mimi sivai.

Ile ya 25,000 nilikuwa nimeitupa kabatini. Halafu kuna siku nikaitwa Chimala, nikaichukua kwa kukosa nyingine. Jamani. Kule chini Usangu joto, jua kali, vumbi, miwani inatulia kwenye rangi yake kama imezaliwa huko. Natoka juani naingia kwenye kivuli cha banda la ng'ombe, nageuka mara mbili inaanza kuwa nyeupe. Macho hayakunichoka siku nzima. Nikarudi nikijiambia nimemwonea yule kijana, pengine ni njaa tu ilimfanya ajibu vile. Nikasema nitaandika kwamba ni miwani nzuri, mbaya kwa mvua tu. Nilikuwa nimeamua kabisa.

Wiki iliyofuata nikapita pale dukani, nikasikia: "Mzee wa pumzi! Karibu!" Mtaa mzima ukageuka.

Ni miwani mbovu. Msinunue.

Nikaingia kwa sababu nilihitaji kamba ya kuning'inizia miwani shingoni, sh. 1,000, na duka la jirani lilikuwa limefungwa. Sikumsalimia. Nikadai risiti. Akaandika taratibu kwa mwandiko mzuri, akanipa. Nimefika Uyole ndiyo naisoma: mahali pa jina la mteja ameandika Bw. Pumzi.