“Mwambie Shemeji Hapa Si Kariakoo”: Uzoefu Wangu wa Kununua Nyumba Mpya Kigamboni

Nilikusudia kuandika tathmini hii jioni ileile tulipotoka katika ofisi ya mauzo, lakini mume wangu aliniomba niache hasira ipoe kwanza. Miezi mingi imepita, tumeshahamia, mapazia yameshatundikwa, na hasira yenyewe bado iko palepale, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Kampuni sitaitaja. Inatosha kusema kwamba ni moja ya zile zinazojenga nyumba za kuuza upande wa Kigamboni, ukishavuka Daraja la Nyerere na kushika njia ya Kibada, na kwamba kipeperushi chao kina picha ya familia inayocheka katika bustani ambayo mpaka leo hakuna aliyeipanda. Idadi ya vyumba, ukubwa wa kiwanja na rangi ya bati mtavikuta kwenye kipeperushi hichohicho. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni zile dakika 40 tulizokaa mbele ya kijana wa mauzo tukijaribu kujadili bei.

Sisi ndio wa kwanza katika ukoo kununua nyumba iliyokwisha kujengwa. Wengine wote walinunua kiwanja, wakamwaga mchanga, wakafyatua tofali kila mshahara uliporuhusu, wakaezeka baada ya miaka na kuhamia kabla dari halijawekwa. Mjomba wangu, aliyejenga kwa mtindo huo Mbagala, alituuliza kama tunanunua nyumba au kanzu ya sikukuu, kisha akatupa ushauri mmoja: bei ya kwanza ni salamu, na salamu hujibiwa. Niliushika ushauri huo kwa sababu mjomba hajawahi kulipa bei aliyotajiwa popote, pengine isipokuwa kwenye kivuko, ambako nako huwa ananung'unika.

Kipeperushi kilisema shilingi milioni 100. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu huzisoma kwa kunyoosha mkono, kilisema bei hiyo haijumuishi VAT. Wanunuzi wapya wengi hawalijui hili: nyumba mpya inapouzwa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hutozwa VAT, tofauti na nyumba ya mtu aliyeishi humo kwa miaka mingi kisha akaamua kuiuza, na kiwango tulichotozwa sisi kilikuwa asilimia 18. Milioni 100 ikawa milioni 118 pale mezani kwangu, saa nne usiku, mume wangu akiwa ameshalala. Niliendelea kupiga hesabu. Nikaona kwamba kila shilingi inayopunguzwa kabla ya VAT inaondoka pamoja na VAT yake, hivyo wakitupunguzia milioni 5 tutaokoa milioni 5 na laki 9. Nikaona pia kwamba kwa mkopo wa benki yetu, wa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15, kila milioni 1 tunayokopa inarudishwa kwa takriban shilingi 14,000 kila mwezi kwa miezi 180, yaani milioni 2 na nusu mpaka mwisho. Ile milioni 5 na laki 9, tukiikopa, tungeirudisha ikiwa imekaribia milioni 15. Nikafunga daftari, nikalitia mkobani, na asubuhi tukavuka daraja.

Kijana alitupokea kwa bashasha, hilo sitamnyima. Alimletea mume wangu maji ya chupa na mimi akanionyesha kiti. Kwa robo saa nzima alimwelezea mume wangu mambo ya nondo, zege na simenti, huku mimi niliyekuwa na daftari nikitazamwa mara mojamoja kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Alipomaliza, nilimwambia kwa upole kwamba tumeipenda nyumba, benki imeshatukubalia mkopo, malipo ya awali tunayo, na kwamba kwa hali hiyo tunaomba bei kabla ya VAT iwe milioni 95.

Hakunijibu. Alimgeukia mume wangu, akacheka, akasema: “Kaka, mwambie shemeji hapa si Kariakoo.”

Mume wangu, ambaye ni mtu wa amani kupita kiasi, alitabasamu. Nami tabasamu lile sijalisahau, ingawa hilo ni la nyumbani na si la tathmini hii. Nilifungua daftari na kuanza kumwonyesha kijana hesabu, nikafika kwenye riba, naye akanikatiza: “Milioni tano nazo za kugombania, shemeji? Si hela ya soda hiyo?”

Neno shemeji lenyewe halina ubaya. Rafiki wa mume wangu akiniita hivyo naitika, na akija nyumbani atapata chai. Lakini huyu hakuwa rafiki wa mume wangu. Walikuwa wamefahamiana kwa dakika 20. Kuniita shemeji kulikuwa na maana moja tu, kwamba mteja ni kaka na mimi nimekuja kwa njia yake, ilhali mkopo tuliomba sote wawili kwa mishahara yetu wote wawili na jina langu lilikuwa liingie kwenye hati sawa na lake. Hata kama nyumba ingekuwa ya mume wangu peke yake, tangu Sheria ya Ardhi ya 1999 mkopeshaji anatakiwa kuhakikisha kwamba mwenzi ameridhia kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Bila kalamu ya shemeji, kijana asingeuza hata kitasa. Na hiyo hela ya soda, kwa daftari langu, ilikuwa kama shilingi 82,600 kila mwezi mpaka mtoto wetu wa darasa la pili awe mtu mzima.

Kisha likaja lile ambalo kila aliyewahi kutafuta nyumba atalitambua: zimebaki mbili tu, kuna mteja mwingine anakuja saa nane, bora tulipe leo ada ya kushikilia nyumba, shilingi milioni 2, ambayo hairudishwi. Niliuliza kama hairudishwi hata ikiwa mwanasheria wetu atafanya upekuzi na kukuta hati ina tatizo. Akamtazama mume wangu. Hapo nilisimama, nikachukua mkobo, nikatoka, na mume wangu akanifuata akiwa bado ameshika chupa yake ya maji.

Mwezi mmoja baadaye, au zaidi kidogo, nilipigiwa simu na mkuu wa mauzo, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Zilikuwa bado zimebaki zilezile mbili. Alituomba turudi, tukarudi, na hapa ndipo tathmini yangu inapoanza kuniharibikia, kwa sababu mama yule alikuwa mtu mwenye adabu na mwenye akili. Aliniita dada, akaniomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema hesabu ni sahihi. Halafu akanieleza jambo ambalo kijana wake angeweza kunieleza kwa sentensi mbili: bei iliyoandikwa kwenye mkataba hawaishushi, maana walionunua kabla yetu watasikia na watarudi kudai, na mthamini wa benki atakayemhudumia mnunuzi anayefuata ataangalia nyumba ya jirani iliuzwa kwa kiasi gani. Ukishusha moja umeshusha zote. Walichonacho ni kuongeza vitu ndani ya nyumba.

Basi tukajadili vitu. Nilipata makabati ya jikoni, grili za madirisha yote, na simtanki la lita 3,000 pamoja na mnara wake. Niliomba watulipie na ushuru wa stempu, ule wa asilimia 1, akakataa huku akicheka, lakini alikuwa akicheka na mimi. Ada ya kushikilia nyumba ikaandikwa kwamba itarejeshwa endapo upekuzi utaonyesha kasoro kwenye hati. Tulitoka pale mume wangu akipiga mluzi, nami kwa siku kadhaa niliwaambia watu kazini kwamba kampuni ile ni ya kuaminika na kwamba kila anayetaka nyumba aende.

Sasa nasita. Katika karatasi yao, vitu vile vilithaminiwa kwa jumla ya milioni 8, kana kwamba tumepewa zaidi ya tulichoomba. Nilikwenda Keko kwa mafundi wanaotengeneza makabati, nikauliza bei ya kazi kama ileile kwa mbao kama zilezile, nikapita na kwa wachomeleaji wa grili, nikauliza na bei ya matanki. Jumla haikufika milioni 5 na nusu. Tena vitu havipunguzi riba: mkopo wetu umehesabiwa kwenye bei ileile ya milioni 118, na ile shilingi 82,600 ya kila mwezi iko palepale, itakuwa palepale makabati yatakapokuwa yameshaanza kulegea bawaba.

Mume wangu anasema nisiwe hivyo. Anasema malipo ya awali yalikuwa yameshakomba akiba yote, na kama tungepunguziwa bei tungehamia kwenye jiko lenye kuta nne na bomba moja, tukahifadhi sufuria kwenye maboksi mpaka Krismasi. Ana haki. Maji yanapokatika, na hukatika, simtanki lile nalibariki. Nakiri pia kwamba kijana pengine hakuwa na mamlaka ya kushusha hata shilingi, na kwamba huenda analipwa kwa kila nyumba anayouza, ndiyo maana mteja mwenye daftari anamtia hofu. Lakini kama huna mamlaka, sema huna mamlaka. Mwenye mamlaka yuko mlango wa pili. Kunicheka hakukuwa sehemu ya bei.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikuwa na moja. Kwa ajili ya mama wa mauzo nikaandika nne. Nimekumbuka chupa ya maji, nimefuta, nimeandika mbili, na nyumba yenyewe, ambayo haina kosa na haivuji, inaniangalia. Wekeni tatu, ingawa kesho naweza kurudi kuibadilisha.

Juzi Jumamosi nilikuwa nje naanika nguo, nikamwona kijana yuleyule anapita na wateja, mume na mke vijana kuliko sisi. Akanipungia mkono kwa furaha kama ndugu waliopotezana. “Shemeji! Hawa wanatazama ile ya mwisho. Hebu waambie tulivyokufanyia bei nzuri.” Alikuwa ameshamshika mume begani akimwonyesha paa. Mke alikuwa amebaki nyuma, ameshika kipeperushi, amekinyoosha mbali kidogo na macho, anasoma herufi za chini.

Nilimkaribisha ndani aone makabati. Tulikaa jikoni kiasi cha nusu saa, na alipotoka alikuwa na karatasi mbili nilizozichana kutoka kwenye daftari langu.